Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: jinsi ya kuijua nchi badala ya kuipita

Karibu kila anayesafiri sana hupenda kusema kwamba yeye si mtalii, ni msafiri. Kauli hiyo haina uzito mbele ya afisa uhamiaji, wala kwenye takwimu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mtu anayetoka kwenye mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, bila kwenda kuajiriwa huko aendako, ni mgeni. Akilala huko walau usiku mmoja, ni mtalii. Aliyebeba begi la mgongoni na kulala chumba cha vitanda vinane yumo, na aliyefikia hoteli ya nyota tano yumo. Kwa hiyo tofauti, kama ipo, haiko kwenye begi, haiko kwenye bei ya chumba, wala haiko kwenye wingi wa mihuri ya pasipoti.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni muda: kaa sana, utaijua nchi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Wapo waliokaa miaka mingi ugenini na wanachokijua ni njia ya ofisini, ya supamaketi na ya klabu ya wageni wenzao. Wapo pia wa wiki tatu walioondoka wakijua nani mtaani hasemezani na nani, na kwa sababu gani. Kinachowatenganisha ni shughuli na marudio. Huyu wa pili alikuwa na jambo la kufanya ambalo wenyeji wanalielewa, akalifanya palepale, na watu walewale, siku baada ya siku. Methali ya jembe la siku ya tatu hutumiwa kumkejeli mgeni asiyejua kuondoka, lakini kwa msafiri ni maelekezo kamili: usipopewa jembe, litafute.

Kwa nini mtalii huonyeshwa jukwaa

Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook alisafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough nchini Uingereza, kwenye mkutano wa kupinga ulevi, kwa shilingi moja kila mtu. Treni zilikuwapo kabla yake. Alichoongeza ni kuifunga safari nzima pamoja na kuiuza kama bidhaa moja, na biashara yake ikakua hadi kuwapeleka watu Misri na kuizunguka dunia. Faida ya safari ya namna hiyo ni kwamba huhitaji kumuuliza mtu chochote. Hasara yake ni hiyohiyo. Kila swali la njia, la nauli, la choo kiko wapi, la duka hufunguliwa saa ngapi, ni mlango mdogo wa kuingilia kwenye maisha ya mwenyeji. Mpangaji safari akishakufungia maswali yote, watu unaobaki nao ni wale waliolipwa kukuhudumia.

Hapo ndipo lawama nyingi dhidi ya wenyeji hukosa haki. Muuzaji aliye karibu na kivutio maarufu huona mamia ya sura kwa siku, na karibu zote hatazirudia kuziona. Hana sababu ya kukumbuka jina lako, wala ya kukupa bei ya jirani, kwa kuwa hasara ya kukuudhi ni sifuri. Wewe nawe huna sababu ya kumjali, maana kesho uko mji mwingine. Ni mahesabu ya kawaida ya watu wasiotarajia kukutana tena, wala hayahitaji tabia mbaya upande wowote. Mahesabu hayo hubadilika pindi anapoanza kuamini kwamba kesho utapita tena.

Wageni wengi wameshalihisi hilo na hutafuta kilichofichwa nyuma ya jukwaa. Mwanasosholojia wa Marekani Dean MacCannell alieleza mwaka 1973 kinachofuata: mahitaji hayo yakishaonekana, huko nyuma nako hutengenezwa na kuuzwa. Jiko linaachwa wazi ili uone mpishi, "ziara ya kijijini" inawekewa ratiba ya saa 4 na saa 9, na bibi anasuka mkeka basi linapoegesha, kisha anauweka pembeni likiondoka. Ukitaka kujua uko jukwaani au la, jiulize: jambo hili lingefanyika wiki hii kama hakuna mgeni hata mmoja? Majirani na watoto wa wahusika wamekuja kulitazama au kulishiriki? Na hili la mwisho ndilo lenye makali zaidi: likitokea msiba mtaani leo, litaahirishwa? Tamasha la watalii haliahirishwi kwa sababu tiketi zimeshauzwa.

Kuwa jukwaani si aibu. Makumbusho ni jukwaa, na ngoma ya kulipia inaweza kuwa nzuri kuliko ya bure. Tatizo ni kutoka pale ukiamini umeingia chumbani.

Jembe la aina gani

Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, akafika Kilwa mwaka 1331, na alirudi Morocco mwaka 1349. Watu humsifu kwa umbali aliotembea, lakini kilichomwingiza ndani ya nchi za watu ni elimu yake ya sheria. Delhi alipewa ukadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, na katika visiwa vya Maldivi akawa kadhi tena. Kadhi huletewa talaka, mirathi, madeni na ugomvi wa majirani. Hakuna mwongoza watalii anayeweza kukuonyesha hayo. Ndiyo maana simulizi zake za Delhi na Maldivi ni ndefu na zimejaa watu, ilhali Kilwa, alikopita kwa muda mfupi, ameiandika kwa ufupi tu. Na bado kazi haikumkinga na kuwapima wenyeji kwa kipimo cha kwao: huko Maldivi aling'ang'ania wanawake wajifunike kama alivyozoea, akashindwa, na mwenyewe akasimulia kwamba alishindwa.

Huhitaji kuwa kadhi. Unahitaji jambo linalokufanya uwe na sababu ya kuonekana mahali fulani saa fulani, mbali na sababu ya kutazama. Darasa ni rahisi kuliko yote, mradi uchague darasa wanalosoma wenyeji: kuogelea, kushona, kupiga chombo cha muziki, kuendesha pikipiki. Darasa lililoundwa kwa wageni litakupa marafiki wageni. Michezo yenye sheria zilezile duniani kote, kama chesi, mpira wa miguu na mpira wa meza, ina faida ya ziada, kwa kuwa unaweza kushiriki kabla hujajua lugha. Nenda mara tatu kwa wiki, si mara moja, kwa sababu mwenye kuja mara moja kwa wiki huonekana mpita njia hadi wiki ya tano. Kwaya hali kadhalika. Na kama una dini, nyumba ya ibada ya dini yako ni mlango wa haraka kuliko yote, kwani huko umeshahesabiwa ndugu kabla hujajieleza. Usiyeamini usiigize, watu hugundua, na hawasahau.

Kuna jembe jingine ambalo wasafiri hulipuuza, nalo ni swali moja jembamba. "Nataka kuujua utamaduni wenu" ni swali lisilojibika, na anayeulizwa atakupa hotuba ya kitabu cha shule. "Maji ya mtaa huu yanatoka wapi?" lina majibu. Mwenye nyumba atakuambia hutoka usiku tu, kuanzia saa 5. Kwa nini usiku? Hajui, ila jirani anayesoma mita anajua: mchana presha huishia bondeni. Huyo atakutajia fundi anayefungua vali, na fundi atakueleza kwa nini mtaa wa pili una maji saa zote, na hapo umeshaingia kwenye siasa za diwani, bei ya viwanja, na nani alihamia lini, bila kutamka neno utamaduni. Swali la namna hii lina sifa mbili: jibu lake limegawanyika kwa watu wengi, na hakuna anayejisikia kudhalilishwa kwa kuulizwa. Takataka za mji huenda wapi, redio mbovu hutengenezwa na nani, basi la alfajiri huanzia wapi na dereva wake hulala wapi, yote hufaa. Yanayohusu mapato ya mtu, kabila lake au kura yake yasubiri.

Kujitolea ni jembe lenye ncha mbili. Mtandao wa WWOOF, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, huwaunganisha wageni na mashamba ya kilimo hai: unafanya kazi saa kadhaa kwa siku, unapata chakula na malazi. Unafaa kwa kazi ambayo mtu asiye na ujuzi anaweza kuifanya kweli, kama kupalilia, kuvuna na kujenga ua. Kazi yenye kuhitaji mafunzo ni jambo jingine. Kama nchini kwako usingeajiriwa kufundisha darasa au kufunga kidonda, viza haikupi ujuzi huo. Ukikaa chini ya mwezi mmoja, muda wanaotumia wenyeji kukuelekeza huzidi msaada wako. Na vituo vya watoto yatima viache kabisa: pale wageni wanapolipa ili kukaa na watoto, kituo hupata sababu ya kuwa na watoto wengi zaidi, wakiwamo wenye wazazi hai, na mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila wiki mbili huumia kila anapoachwa.

Hesabu ya siku

Chukua likizo ya siku 21 na orodha ya miji saba. Kuhama kutoka mji hadi mji ni mara sita. Siku ya kuhama hupotea karibu yote: chumba unakirudisha kabla ya saa 5 asubuhi, kipya hukipati hadi saa 8 au 9 mchana, katikati kuna stendi, foleni, safari ya saa nne, kisha kutafuta njia na kutua mizigo. Ondoa siku hizo sita, ondoa siku ya kufika na ya kuondoka, ondoa siku mbili za uchovu wa ndege, zinabaki 11. Ni siku moja na nusu kwa kila mji, na hiyo nusu utaitumia kufua nguo. Sasa chukua siku zilezile 21 kwa vituo viwili. Unahama mara moja tu. Zinabaki siku 16, nane kwa kila kituo. Uchovu wa ndege wenyewe usiudharau: kwa kawaida mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ya majira, kwa hiyo anayekwenda kwenye tofauti ya saa saba asipange jambo la maana wiki ya kwanza.

Kituo chenyewe kisiwe kitovu cha utalii, na, hapa wengi watabisha, kisiwe kijiji cha mwisho wa barabara. Kijijini wewe ndiye tukio. Watoto watakufuata, mwenyeji atakuona mzigo wa heshima, na hutaona siku ya kawaida kwa sababu kuwapo kwako kumeifuta. Mji wa kati wenye chuo, hospitali, soko na stendi ndio bora. Wakazi wake wamezoea sura ngeni zenye shughuli: mwanafunzi, muuguzi aliyehamishwa, mchuuzi aliyekuja kununua mzigo. Unaweza kutulia bila kuwa habari. Kabla ya kulipia chumba, tazama maduka ya mtaa huo. Fundi viatu, duka la madaftari, kinyozi na duka la dawa ni ishara njema. Mahali pa kuhifadhi mabegi, vibanda vya kubadilishia fedha na menyu za lugha nne zinakuambia wakazi wamekwisha kuhama.

Ukishafika, chagua sehemu mbili au tatu tu za kurudia kila siku. Saa iwe ileile, na hili si pambo. Wafanyakazi huenda kwa zamu na wateja wa kila siku wana saa zao. Ukienda leo asubuhi na kesho jioni, siku zote mbili wewe ni mgeni mpya. Kaa nusu saa, isizidi sana. Acha simu mfukoni na usitie vizibo masikioni, maana mtu aliyeinamia skrini hasalimiwi. Siku mbili za kwanza hakuna kitakachotokea. Ya tatu utatambuliwa kwa kutikiswa kichwa. Ya nne au ya tano mtu atauliza unakaa wapi, na hapo ndipo jembe linapotakiwa, kwa sababu swali la pili litakuwa umekuja kufanya nini.

Vitu vyako vikiharibika, shukuru. Kiatu kilichochanika, zipu iliyofyatuka na miwani iliyolegea ni shughuli halali zinazomfanya mtu akuketishe kwenye benchi lake dakika 20, na wateja wengine wakuzungumzishe wakisubiri. Wasafiri wengi hununua kipya na kuipoteza nafasi hiyo.

Lugha: jifunze kusikia kwanza

Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha, Foreign Service Institute, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji saa za darasani 600 hadi 750 kumudu Kihispania vizuri, na karibu 2,200 kumudu Kijapani, Kichina, Kikorea au Kiarabu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hesabu si hizohizo, ila ukubwa wake unatosha kuondoa ndoto. Dakika 35 kila siku kwa wiki nane kabla ya safari ni kama saa 33. Kwa saa 33 huwezi kuzungumza. Unaweza kuwa mtu anayejaribu, na anayejaribu huvumiliwa.

Kosa la kawaida ni kukariri maswali. Mtu hutamka swali kwa ufasaha, naye mwenyeji humiminiwa matumaini kwamba anaongea na mjuzi, akajibu kwa kasi, na mazungumzo yanafia hapo. Tumia saa zako kusikia. Anza na namba, hadi uweze kuandika bei na saa zinazotamkwa haraka bila kufikiri, kwa kuwa namba ndizo utakazosikia zaidi na ndizo zinazogharimu ukikosea. Fuatisha maneno ya kuuliza, kisha vitenzi 20 vya kila siku katika wakati uliopita na ujao. Halafu zile sentensi za kuokoa mazungumzo: sema polepole, niandikie, hiki kinaitwaje, nimeelewa hapa ila hapa sijaelewa. Salamu za wakubwa, pole ya msiba na pongezi ya mtoto aliyezaliwa jifunze kabla ya majina ya vyakula.

Maswali yako yawe yenye jibu finyu. "Ni kushoto au kulia?" huelewi jibu refu lakini utaelewa mkono. Programu ya kutafsiri ya simu itumike usiku, kuhakiki uliyosikia mchana. Ikishikwa katikati ya mazungumzo, mwenyeji huanza kuongea na simu. Mkalimani ni msaada mkubwa, ila kumbuka ana jamaa na majirani wa kuwalinda. Jibu la dakika tatu likitafsiriwa kwa maneno matano, yaliyobaki yamefichwa kwa makusudi, na mara nyingi kwa busara.

Kalenda ni sehemu ya lugha hiyo. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo uzoefu wa mwenzako wa miaka mitano iliyopita hautakusaidia kupanga tarehe. Mwezi Agosti maduka mengi ya mitaani Italia na Ufaransa hufungwa wenyewe wakiwa likizo. Utaona miji, lakini hutaona wakazi. Msimu usio na wageni huleta mvua au baridi, na huleta pia watu wenye muda.

Karatasi zinazokata safari katikati

Anayetaka kukaa sana hukwama zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye utamaduni. Katika eneo la Schengen barani Ulaya, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yake, viza ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku hizo 180 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwapo. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tuseme katika mwaka wa kawaida uliingia 1 Januari ukatoka 1 Machi: umetumia siku 60. Ukirudi 1 Mei hujaanza upya. Zile 60 zote bado zimo ndani ya siku 180 zinazohesabiwa, hivyo una siku 30, na 30 Mei ndiyo siku yako ya mwisho. Wanaodhani kutoka nje kwa miezi miwili kumefuta hesabu hugundua kosa uwanja wa ndege.

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kutoka siku ya kuingia. Schengen hutaka miezi mitatu baada ya siku uliyopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanjo ya mkesha wa safari haisaidii. Tangu 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Mawili huwaumiza zaidi wanaotafuta kina. La kwanza: katika nchi nyingi, kazi ya kubadilishana na chakula na kitanda ni kazi, hata kama hakuna mshahara. Ukimwambia afisa mpakani kwamba unakwenda "kusaidia shambani" kwa viza ya utalii, unaweza kurudishwa hapohapo. Uliza ubalozi kwa maandishi, na uulize kuhusu shughuli yenyewe bila kuipamba jina. La pili: kulala nyumbani kwa mtu kunaweza kumtia mwenyeji matatani. Nchi kadhaa, Italia na Urusi zikiwamo, humtaka anayempokea mgeni atoe taarifa kwa mamlaka ndani ya muda mfupi, na faini ni yake yeye. Mgeni mwungwana huuliza hilo kabla ya kufungua begi.

Kupokea, kulipa, na kutolipa haraka

Mwanaanthropolojia wa Ufaransa Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Msafiri hukosea zaidi kwenye wajibu wa tatu, na hukosea kwa haraka. Umealikwa mlo, ukatoa noti mezani: umeugeuza mwaliko kuwa mgahawa, na mwenyeji hana sababu ya kukualika tena kwa kuwa hamdaiani. Deni lililoachwa siku chache ndilo linaloendeleza ujamaa. Rudisha baadaye, kwa kitu cha aina nyingine, na kisizidi sana ulichopewa, maana kikizidi utakuwa umemwachia mwenzako deni asiloweza kulilipa. Walioingia gharama halisi kwa ajili yako, hasa petroli, umeme na siku ya kazi iliyopotea, ni jambo tofauti. Hao walipe, na malipo yapitishe kwa mtu mzima wa nyumba, faraghani.

Sokoni kuna makosa mawili yanayopingana. Anayelipa chochote anachotajiwa huharibu bei kwa wakazi wa mtaa huo. Anayebishana nusu saa kwa ajili ya sarafu mbili hujenga jina ambalo litamtangulia kesho. Simama pembeni uone wenyeji watatu wakilipa, kisha lipa hivyo au kidogo zaidi. Usiwagawie watoto wa barabarani pipi wala kalamu. Ukitaka kusaidia shule, kuna mwalimu mkuu.

Kamera isitoke siku tatu za kwanza mahali unapotaka kurudi. Ukishajulikana, utaombwa kupiga. Na picha uliyoahidi kutuma, tuma. Mgeni anayekufuata atapimwa kwa ahadi yako.

Nchi inapoanza kukera

Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1960 juu ya mshtuko wa utamaduni, alieleza hatua nne: fungate, mgogoro, ahueni, na kuzoea. Mtalii wa siku kumi hurudi nyumbani angali kwenye fungate, na ndiyo sababu huwa na sifa tupu. Anayekaa huingia mgogoroni: kelele zilizokuwa uchangamfu zinakuwa kelele, na kila foleni inaonekana dharau. Dalili ya uhakika ni sentensi zinazoanza na "hawa watu". Siku hizo lala, kula ulichozoea, mpigie ndugu simu, na usitoe uamuzi wowote. Usihamie kwa wageni wenzako wanaolalamika, kwa sababu malalamiko ya pamoja hugeuka ukweli ndani ya siku mbili.

Dawa nzuri kuliko zote ni daftari lenye safu tatu: nilichoona, nilichodhani, nilichoambiwa. Andika, kwa mfano: "Duka la kona limefungwa saa 7 mchana, Jumanne." Safu ya pili: "Mwenyewe mvivu." Ya tatu iache wazi. Jumatano limefungwa tena saa 7, Jumamosi liko wazi siku nzima. Kisha unauliza, kwa swali finyu: "Kesho mchana utakuwapo?" Jibu: hapana, mtoto hutoka shule saa 7 na nusu na hakuna wa kumchukua, ila Jumamosi hakuna shule. Sasa unajua saa za shule, unajua kwamba bibi wa mtoto haishi nao, na neno "mvivu" limekaa kwenye safu yake ukiliona. Baada ya wiki mbili, soma safu ya katikati peke yake. Utaona zaidi habari zako kuliko za nchi.

Pale kina kinapowaumiza wenyeji

Ushauri wa "ishi kama mwenyeji" umewahamisha wenyeji. Mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na nyumba za kupangisha wageni ni moja ya sababu. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii, zipatazo 10,000, hazitahuishwa zitakapokwisha mwaka 2028. Kwa hiyo katika mji wenye uhaba wa nyumba, hoteli ndogo inayoendeshwa na familia, au chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi, ni uamuzi wa kiungwana kuliko fleti nzima iliyotolewa kwenye soko la wapangaji. Kwamba fleti ina sufuria na mashine ya kufulia hakukufanyi jirani. Ghorofa nzima ikiwa hivyo, majirani hawapo.

Kuna pia nyumba, ibada na maziko ambayo mgeni hana la kutafuta humo hata akialikwa na mtoto wa familia. Aulizwe mkubwa. Akisema "njoo ukipenda" kwa sauti isiyo na furaha, usiende.

Ukipata nafasi ya safari ya pili, rudi mahali palepale, ila katika msimu mwingine wa mwaka. Utakuta kazi nyingine zinafanyika, watu walewale wakiwa na saa tofauti, na maelezo uliyopewa mwanzo yakiwa na nyongeza. Anza na waliokubeba mara ya kwanza kabla ya kutafuta wapya, na uwatembelee kwa mpangilio wa umri. Habari za nani alipitwa husambaa siku hiyohiyo.